Ngozi Nayo Hulala

Kabla treni ya Kigoma haijalia stesheni
natandika gunia.
Si mkeka wa duka, ni gunia la katani,
bado linanuka tumbaku ya msimu wa juzi.
Siku ya kwanza Mihayo aligeuka kitandani:
"Umedondosha nini?"
Alidhani natafuta herini.
Nilikuwa nimeinama, kiuno juu, viganja sakafuni,
kama mbwa anayejinyoosha baada ya kuamka.
Nikamjibu: natafuta usingizi.

Maana miaka tisa sikulala.
Miaka tisa nachambua majani ghalani,
la daraja la kwanza huku, lililoungua kule,
na vumbi lake linanifuata nyumbani kama deni.
Likakaa kwenye viwiko,
nyuma ya magoti, shingoni penye ushanga.
Ngozi ikapasuka kama udongo wa Isevya mwezi wa Septemba,
ardhi inapoingoja mvua na mvua haina habari.
Usiku nilijikuna.
Nilijikuna ada ya shule ya Kabula,
nilijikuna malipo ya ushirika yaliyochelewa,
nilijikuna maneno ya wifi.
Kukicha, shuka lina nukta nyekundu:
barua niliyojiandikia kwa kucha.

Nilipaka. Usiniulize nilipaka nini.
Mafuta ya nyonyo, nta, asali ya porini,
na kile kikopo kisicho na jina alichoniuzia Mwantumu.
Kilinikopesha uso wa mtu mwingine wiki tatu,
kisha kikaudai, pamoja na riba.

Ni Nkamba wa zahanati,
yule anayewanyoosha viungo waliovunjika,
aliyenishika mkono asitazame vidonda.
Alitazama mabega.
"Mama, mbona mabega umeyavaa masikioni?
Yashushe. Toa pumzi kama unapoza uji.
Dawa ya daktari endelea kupaka.
Lakini mkono unaokukuna haupakwi dawa,
huo unafundishwa."

Basi kila alfajiri naufundisha.
Mkao wa mtoto: paji la uso chini,
nami mwenye wajukuu wawili
nakuwa mdogo kuliko wao.
Mkao wa mti: mguu mmoja,
macho nimeyatundika kwenye msumari wa ukutani,
nayumba;
jogoo wa jirani anapita mlangoni,
ananitazama kwa jicho moja
kama karani wa ghala anayenishusha daraja.
Navuta hewa mpaka kitovuni. Naiachia.
Damu iliyozoea kusimama miguuni kutwa
inaikumbuka njia ya usoni.
Jasho linatoka, jembamba, la halali;
naliosha kwa maji ya mtungi
kabla halijakauka likawa chumvi.

Mwashi alichungulia juu ya ua:
"Mwangaluka! Umeingia dini gani?"
Dini ni ileile, nikamwambia,
hii ni kuoga kwa ndani.
Akacheka hadi khanga ikamvuka.
Jumatatu akaja na gunia lake.

Sitakudanganya.
Sikuwa mweupe, wala sikuomba.
Weusi wangu ulirudi kutoka safarini
umechoka kidogo, una alama za njiani.
Vumbi likianza kiwiko bado hunikumbusha,
na siku nikiruka gunia, usiku hunidai.
Lakini ile asubuhi ya kwanza
niliyoamshwa na treni badala ya kucha zangu,
nililikunjua shuka nikalisogeza dirishani:
jeupe, kimya, halina la kusema.

Wahenga walionya, mwenye kovu usidhani kapoa.
Hawakunijua mimi.
Hili hapa, shingoni, chini ya ushanga.
Liguse polepole.
Limelala.